BUSTANI YA NYUMBANI: Usidanganywe na Majani ya Mzabibu

Kama umewahi kukaa Dodoma utakuwa umeona jinsi mizabibu inavyopogolewa baada ya mavuno, na matawi kulundikwa kando ya shamba yangoje kuwa kuni. Mwaka wangu wa kwanza katika mji ule niliyaona malundo hayo nikajiambia, kumbe miche ya bure hii! Nikaomba fungu moja, nikakata vipande 24, nikavipanda kwenye makopo matupu ya maziwa nyuma ya jiko.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Kabla hata jicho moja halijachipua nilikuwa nimekwisha kuwaahidi miche akina mama wa kikundi chetu, na wanne kati yao walinilipa kabisa. Baada ya siku kama 12 hivi macho yalifunguka, majani yakatoka ya kijani kibichi, mazuri ajabu. Nikapiga vigelegele peke yangu. Wiki iliyofuata nikavihamishia vyote bustanini, juani.

Havikumaliza wiki. Majani yalinyauka, na nilipong'oa kipande kimoja nilikuta sehemu ya chini iko vilevile kama siku niliyoikata, hakuna hata uzi mmoja wa mzizi. Vilivyopona vilikuwa vitatu tu. Fedha za watu nilizirudisha kutoka kwenye fungu la sukari. Baba watoto hakunilaumu, lakini tulikunywa chai bila sukari hadi mwisho wa mwezi, na kila kikombe kilinikumbusha.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyezeeka katika kazi ya kupogoa. Nilimwamkia, nikamweleza yaliyonipata. Akacheka kidogo. "Mama," akasema, "tawi lina akiba yake ya chakula ndani. Likipata maji hutoa majani kwa akiba ile ile. Hayo majani si dalili kwamba limeshika. Limeanza kula akiba tu."

Hapo ndipo akina mama wengi tunapopoteza vipando vyetu. Majani hutangulia, mizizi hufuata, tena huchukua majuma kadhaa, mara nyingi kati ya manne na manane. Katika kipindi hicho kipando kina majani yanayotoa maji hewani lakini hakina kinywa cha kunywea. Ukikitoa kivulini, ukakitikisa au ukakivuta kuona kama kimeshika, umekiua. Usikivute! Ngoja uone chipukizi linarefuka na kutoa majani mapya bila kusimama, na mizizi midogo myeupe ikichungulia kwenye matundu ya chini ya kiriba.

Sasa tuanze kazi tangu mwanzo. Chagua kwanza mama wa vipando vyako, maana kipande cha tawi si mtoto wa mti ule, ni mti uleule. Mbegu ya zabibu yaweza kukupa mmea usiofanana na ule ulioula, bali kipando hakibadiliki. Kama mzabibu wa jirani huzaa vichala vizito, chako kitakuwa na tabia hiyo. Kama una ugonjwa wa virusi, umeuchukua nyumbani pamoja na tawi. Kwa hiyo weka alama kwenye mti unaozaa vizuri wakati bado una matunda, usingoje siku ya kupogoa ambapo miti yote inafanana.

Wenzetu wa Amerika ya Kaskazini wanaojaribu kuotesha mizabibu ya porini wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mizabibu yao ya mwituni ina dume na jike. Mtu akikata kipande kwenye dume hutunza mmea miaka mingi, akapata kivuli kizuri na asipate hata tunda moja. Ile tunayopanda sisi, kwa sehemu kubwa, huwa na dume na jike katika ua moja, kwa hiyo hofu hiyo haituhusu. Lakini tusiidharau mizabibu ya porini. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo kutoka Amerika alianza kuangamiza mashamba ya Ufaransa kwa kushambulia mizizi, na dawa iliyofaa ilikuwa kupandikiza zabibu za Ufaransa juu ya mizizi ya mizabibu ya mwituni kutoka kule kule alikotoka mdudu. Aina inayoota kandokando ya mito ilishika mizizi kwa urahisi kutokana na vipande. Nyingine, ya vilima vya mawe ya chokaa huko Texas, iliwasumbua sana watu.

Mimea inayotambaa katika mapori yetu, yenye vitunda kama zabibu, ni jamaa tu wa mzabibu, si mzabibu wenyewe. Baadhi huwasha koo vibaya, kwa hiyo watoto wasiachwe kuonja ovyo.

Tawi linalofaa ni lililokomaa, la rangi ya kahawia, unene wa penseli. La kijani huoza, na lililozeeka sana huchelewa. Kata kipande chenye macho matatu au manne, urefu wa sentimita 25 hadi 30. Chini ukate sawasawa, karibu kabisa na jicho. Juu ukate kwa mshazari, sentimita mbili hivi kupita jicho la mwisho. Mshazari huo ndio utakaokukumbusha upande wa juu, maana kipande kikipandwa kichwa chini kinahangaika bure, na ukikata vingi jioni, taa hafifu, kuchanganya ni rahisi mno. Kwa nchi zenye baridi hungoja mti upukutishe majani ulale. Wetu hauna majira ya kulala, basi siku ya kupogoa ndiyo siku yetu. Ng'oa majani yote, funga vipande katika gunia bichi, na usiku ule uviloweke ndani ya maji. Usiviache vikauke juani hata saa moja.

Udongo wa kuoteshea uwe na mchanga mwingi. Samadi changa ikae mbali. Huunguza, nayo mizizi bado haihitaji mbolea. Zamisha macho mawili, moja au mawili yabaki juu, kisha gandamiza udongo kwa vidole pasibaki hewa. Weka viriba chini ya kivuli cha nyasi. Udongo uwe na unyevu siku zote lakini usiwe tope. Angalia mchwa kila asubuhi, hasa kama uko Dodoma.

Binti yangu, aliyekuwa ametoka Shule ya Jumapili, alinisimamia akauliza mbona nimekata matawi na bado nategemea yazae. Nikamjibu kwamba yale yaliyotupwa yamekwisha kuwa kuni, na haya nimeyapa udongo. Sijui kama aliridhika.

Kama una mzabibu wako na unahitaji miche michache tu, iko njia isiyo na hofu. Lipinde tawi refu hadi chini, ufukie sehemu ya katikati, uweke jiwe juu, ncha ibaki nje. Linaendelea kunyonya kwa mama yake huku likitoa mizizi, ndipo unalitenga. Kuna mzabibu wa mwituni kusini-mashariki mwa Marekani, muscadine, ambao vipande vyake vigumu kwa kawaida hukataa kushika, na watu huuzidisha kwa njia hiyo.

Miche iliyoshika uizoeze jua pole pole kwa majuma mawili, kisha uipande bustanini mvua zinapoanza. Matunda utegemee mwaka wa pili au wa tatu. Walio pwani wajue kwamba unyevu wa hewa huleta ukungu kwenye majani. Dodoma imependelewa na ukame wake. Ukitaka ushauri juu ya aina za zabibu, kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, Dodoma, hushughulikia zao hili.

Wale akina mama wanne walipata miche yao msimu uliofuata, na safari hiyo sikupokea fedha mpaka nilipoiona mizizi. Mwezi ujao tutajenga chanja ya kuutambazia mzabibu huo.