Tunawasimulia watoto safari, tunaficha vituo

Mwaka jana, likizo ya Juni, mimi na mwanangu wa kidato cha pili tulitoka Tunduma kwa baiskeli. Mpango ulikuwa wa siku nne: kushuka Ileje hadi Isongole, kurudi kwa kupanda hadi Vwawa, kisha kwenda kukiona kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, halafu kugeuza nyumbani. Yeye alikuwa na baiskeli ya gia aliyonunuliwa na mjomba wake. Mimi nilikuwa na yangu ya siku zote yenye keria. Tulifunga blanketi, sufuria ndogo, pampu, viraka na dumu la maji.

Sikumpeleka kutembea tu. Nilitaka ajue baba yake ametokea wapi. Tangu akiwa mdogo nimemsimulia jinsi nilivyokuwa nikitoka kijijini alfajiri na gunia la mahindi nyuma ya baiskeli, napanda vilima vya Mbozi, nafika sokoni na kurudi siku hiyo hiyo. Kila nikimsimulia, namalizia hivi: "Na wala sikulalamika."

Mzazi mwenzangu, sentensi hiyo ndogo ilikaribia kunigharimu mtoto.

Siku ya kwanza ilikuwa raha. Barabara ya Mpemba hadi Isongole siku hizi ni lami, kama kilomita 50, na sehemu kubwa ya safari ukihesabu mwanzo na mwisho unashuka. Tulifika mapema, akala ugali na maharage mpaka akaongeza, akasimama kuitazama Malawi ng'ambo ya mpaka, akapiga picha za kumtumia mama yake.

Siku ya pili tulirudi njia ile ile, na sasa ilikuwa kupanda. Jua lilikuwa kali, lakini upepo wa Juni ni wa baridi, kwa hiyo mtu hasikii kiu. Kila nilipogeuka kumuuliza alijibu, "Niko sawa, baba." Nilifurahi. Nikajiambia mtoto amerithi miguu yangu. Tulipofika Vwawa giza lilikuwa limeshaingia. Alikula matonge machache akasema ameshiba, akalala na fulana yake ya jasho. Usiku nilimsikia akigeukageuka, mara misuli ya ndama za miguu inamkaza. Nikasema moyoni, atazoea.

Asubuhi ya siku ya tatu tairi lake lilipata pancha. Mtoto huyu ni mpole, lakini siku hiyo alitupa pampu chini na kulia. Nikamkaripia. Nikamwambia mwanaume halii kwa ajili ya pancha. Tukaziba, tukaingia barabara kuu kuelekea Mlowo, ile ile inayopita malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana.

Kabla hatujafika Mlowo niliona gurudumu lake linayumba. Halikuwa shimo wala mteremko. Alianguka tu, upande wa kushoto kwenye changarawe, ashukuriwe Mungu. Lori lililokuwa nyuma yetu lilipiga honi ndefu na kupita karibu sana. Angeangukia kulia, leo nisingekuwa na makala ya kuandika.

Dereva wa lori hilo alisimamisha mbele, akarudi kwa miguu na chupa ya maji. Mwanangu akamwamkia huku amekaa chini, midomo imekauka. Dereva akaitikia marahaba, akamnywesha kidogo kidogo, kisha akanigeukia mimi. "Mzee, mimi hapa nimetoka kulala mpakani siku mbili. Gari la chuma linapumzishwa, sembuse huyu?" Sikuwa na jibu.

Maswali manne

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi aliyetupokea alimsafisha michubuko, akampima joto na malaria. Malaria haikuwepo. Kisha akaniuliza mimi mzazi maswali manne. Mara ya mwisho amekojoa saa ngapi? Mkojo ulikuwa na rangi gani? Jana usiku amelala saa ngapi? Tangu asubuhi amekula nini?

Nilijua tumetembea kilomita ngapi. Nilijua vilima vyote tulivyopanda. Kati ya maswali yale manne, sikuweza kujibu hata moja.

Mtoto ndiye aliyejibu. Alikuwa hajakojoa tangu asubuhi, na mkojo wa jana ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. Alikuwa amelala kama saa tatu hivi. Asubuhi alikunywa chai na andazi moja, lingine akalitia mfukoni ili nisilione. Muuguzi akampa maji ya chumvichumvi ya pakiti, ile inayochanganywa kwenye lita 1 ya maji safi, akamwambia anywe taratibu. Alipokojoa na rangi kuanza kufifia, ndipo akaturuhusu. Akanionya jambo moja nililolishika: mtoto akipata mkojo mweusi kama soda ya kola huku misuli inauma kupita kiasi, hilo si la kusubiri nyumbani. Misuli inaweza kuwa inavunjika na kuumiza figo. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Nje, tukisubiri bodaboda ya kutupeleka kwa shangazi yangu pale Mlowo, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba amechoka.

Akasema, "Baba, wewe ulikuwa hulalamiki."

Sehemu niliyoiruka

Usiku ule kwa shangazi ilibidi nimsimulie upya, safari hii bila kuruka kitu. Ni kweli nilikuwa natoka alfajiri na gunia. Lakini sikuwahi kutoka peke yangu, nilitoka na baba mdogo. Na baba mdogo alikuwa na vituo vyake. Kilima kikali tulishuka na kusukuma. Palikuwa na mti ambao lazima tuegeshe baiskeli, tule viazi vitamu na karanga, tulale chali mpaka kivuli kihame. Palikuwa na kijito cha kuoshea uso na miguu. Na kesho yake baada ya safari ya sokoni, baba mdogo hakunigusa. Nililala mpaka jua linachoma, na kazi yangu ilikuwa kuchunga kuku tu.

Shangazi alicheka, akasema, "Na ulikuwa unalia njiani, usisahau." Ni kweli. Nilikuwa nalia.

Hivi ndivyo tunavyofanya wazazi wengi. Tunawasimulia watoto safari, vituo tunavificha. Mtoto anakua akidhani tulifika kwa sababu hatukusimama, kumbe tulifika kwa sababu kuna mtu alijua mahali pa kutusimamisha. Kisha tunashangaa mtoto anapoona aibu kusema "nimechoka".

Hata wanaoendesha baiskeli kwa mshahara hupumzika. Mbio kubwa za Ufaransa, zile za kila Julai, huwa na hatua 21 zinazokimbiwa ndani ya siku 23. Siku mbili zilizobaki zimetengwa za mapumziko, na siku hizo wengi wao huzungusha pedeli kidogo tu kulegeza miguu, kisha hula na kulala. Hao ni watu wazima wenye madaktari na wakandaji. Mimi nilitaka mtoto wa miaka 15 afanye bila hata kimoja.

Tulivyopumzika

Tulikaa kwa shangazi siku mbili kamili. Siku ya kwanza alilala, akaamka kula, akalala tena. Usingizi mzito ndio muda ambao mwili hutengeneza misuli iliyochakaa, na kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10 hata asipopanda baiskeli. Shangazi alimpikia ndizi na maharage, wali, mayai, maziwa. Nguvu ya kupanda mlima hutoka kwenye akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini, na akiba hiyo ikiisha huchukua karibu siku nzima ya kula vizuri kuijaza tena. Chai na andazi haviijazi.

Siku ya pili tulitembea kwa miguu polepole mpaka gengeni na kurudi, tukasafisha cheni, tukashusha kiti cha baiskeli yake ambacho kumbe kilikuwa juu mno na ndicho kilichompa ganzi na michubuko ya mapajani. Mimi mwenyewe nililala mchana, makusudi, mbele yake.

Siku ya tatu aliamka akaniambia yeye, "Baba, twende." Tukaenda taratibu kwa njia za vumbi, tukakigusa kimondo, lile bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Kisha tukapakia baiskeli juu ya gari dogo tukarudi Tunduma. Hatukuona aibu.

Kwa mzazi anayetaka kwenda na mtoto

Kama likizo hii unafikiria safari ya namna hii, ya baiskeli au hata ya miguu milimani, haya ndiyo niliyojifunza:

Simama wewe kwanza. Usimuulize mtoto kama amechoka, maana atakwambia hapana. Sema, "Mimi nimechoka, tukae." Fanya hivyo kila saa moja, hata kama huhisi uchovu.

Mfanye anywe kabla ya kiu, na muulize rangi ya mkojo bila haya. Rangi hafifu ni nzuri. Ikikolea, mwendo uishe hapo mpaka anywe na akojoe.

Mkifika, fulana ya jasho ivuliwe kabla ya kitu kingine chochote, hasa huku kwetu usiku wa Juni na Julai. Kisha chakula mapema, wanga pamoja na maharage, mayai au maziwa. Asipokula vizuri jioni, kesho msisafiri.

Asubuhi kabla hajainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Ijue hesabu yake ya kawaida tangu nyumbani. Ikizidi kwa kama mapigo 10, mwili bado uko kazini. Lala tena.

Baada ya siku ngumu, siku inayofuata iwe nyepesi. Baada ya siku tatu, iwepo siku moja ya kutopanda kabisa. Na fahamu kwamba maumivu ya misuli mara nyingi huzidi siku ya pili na ya tatu, si siku ile ile.

Hasira na machozi juu ya jambo dogo ni dalili. Pampu ikitupwa, usikaripie. Tafuta kivuli.

Usimpe dawa za maumivu za dukani, kama diklofenaki, ili aendelee kupanda. Kwa mtoto aliyepungukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Na homa usiiite uchovu. Akapimwe.

Barabara kuu ya malori muiepuke. Hilo nililijua, nikalipuuza.

Juzi mwanangu aliniletea karatasi. Amepanga safari ya likizo ijayo, Tunduma hadi Mbeya kwa njia za vijijini. Nilitafuta kilomita sikuziona. Alikuwa ameandika vituo kwanza: pa kulala, pa kula, siku ya kufua nguo na kukaa. Chini kabisa ameandika, "Kilomita tutajaza baadaye."

Mama yake ameisoma, ameibandika ukutani. Mimi nimemwomba mtoto ruhusa ya kwenda naye, na amesema nitaenda endapo nitakubali kusimama akisema yeye.

Nimekubali. Tukutane wiki ijayo.