Miti ya Shinyanga Haikuletwa na Lori

Kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Kitaifa ya Kupanda Miti, lori hushusha miche, mgeni rasmi hushika jembe, kamera hufanya kazi yake. Ukipita hapo mwezi Septemba utakuta vijiti, na mbuzi walionenepa. Siidharau miche. Nauliza tu: mgeni rasmi akishaondoka, mti ule ni wa nani?

Shinyanga ililijibu swali hili kwa gharama kubwa. Mapori yake yalifyekwa kwa makusudi: wakoloni walitaka kumwangamiza mbung'o, pamba ikadai mashamba, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa masika ili majani yakue, wakalifungua kiangazi, malisho yanapokwisha kwingineko. Ng'ombe wakizuiwa, hata visiki na mizizi iliyolala ardhini huchipua. Hakuna anayepanda kitu.

Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986. Mafanikio yake makubwa hayakutoka kwenye vitalu vya miche bali katika kuirudishia ngitili heshima yake. Kutoka takribani hekta 600, katika muda usiozidi miaka 20 zilipita hekta 300,000. Walinzi hawakuwa askari wa misitu. Walikuwa wanakijiji wenyewe, kwa amri za dagashida na nguvu ya sungusungu. Walilinda kwa sababu kuni, nyasi za kuezekea, dawa na malisho vilikuwa vyao. Viko vijiji vilivyojenga madarasa kwa mapato ya ngitili.

Hata hivyo, mila peke yake haimzuii mwenye fedha anayelitaka eneo hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia, lakini njia ya kufika huko inahitaji mpango wa matumizi ya ardhi, ramani, na sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kisha kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hapo ndipo vijiji vingi hukwama, kwa kukosa fedha na mtu wa kuwaongoza.

Kwa hiyo ombi langu kwa watumishi wa halmashauri mnaosoma hapa ni dogo. Aprili ijayo, fedha za mahema, viti na spika zitumieni kumpeleka kijijini mpimaji pamoja na mwanasheria, na wasiondoke mpaka mipaka imewekwa.