Mlima ushakupa damu, sindano ni ya nini?

Ruth Chepngetich alipopigwa marufuku ya miaka mitatu Oktoba 2025, mjadala mitandaoni ulikuwa ule ule: aibu kwa taifa, tamaa ya doo, mameneja wabovu. Yake ilikuwa dawa ya kupunguza maji mwilini. Lakini wewe unayejifua Iten ukingoja kuonekana, kuna pufya nyingine inayokuhusu zaidi: ile inayogusa damu.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kila pumzi inakupa takriban robo tatu tu ya oksijeni ambayo ungepata Mombasa. Figo zikihisi uhaba huo hutoa homoni ya EPO, inayoamrisha uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi. Bure kabisa! EPO ya sindano, iliyowaponza Rita Jeptoo 2014 na Asbel Kiprop 2017, inaiga hiyo hiyo.

Sasa kuna testosteroni, steroidi ambayo majamaa wa gym hudhani ni ya misuli tu. Zii. Huchochea EPO, kisha hushusha hepsidini, homoni ya ini inayofungia madini ya chuma. Chuma kikiachiliwa, kiwanda cha damu kinakesha. Hii ni sababu moja ya wanaume kuwa na himoglobini nyingi kuliko wanawake.

Ukijidunga ukiwa mlimani, amri mbili zinafika kiwandani kwa pamoja. Damu inaweza kuwa nzito kama uji uliolala. Moyo unasukuma kwa shida, na damu inaweza kuganda mguuni, mapafuni au kwenye ubongo. Kule Peru, mjini Cerro de Pasco, zaidi ya mita 4,300 juu, wapo wanaozidiwa na seli nyekundu hata bila sindano: kichwa kinauma, midomo inageuka samawati. Wengi wao ni wanaume. Wanawake hukingwa kiasi, hadi hedhi inapokoma. Homoni tena.

Kujificha nako ni noma. Tangu 2009 kuna pasipoti ya kibayolojia, inayolinganisha damu yako ya leo na ya miezi iliyopita. Dawa ikishatoka mwilini, alama zake hubaki.

Anayekuuzia hiyo chupa hakupimi himoglobini kwanza. Kama ushajidunga, na mguu mmoja umevimba au kifua kinabana, nenda hospitali leo, chap chap, na umwambie daktari kila kitu.