“As… as”, na Kiswahili Tunachokatazwa



Tangu kuanza kwa muhula huu sisi makapita tumepewa kazi ya kuandika majina ya wale wanaosema Kiswahili ndani ya saa ya Kiingereza. Aliyeandikwa anafagia uwanja saa ya rekreasio. Kazi tunaifanya, na daftari la majina liko. Lakini kapita naye ana kinywa, na gazeti hili ni la kusemea. Basi tunasema: sheria hiyo inatunyima Kiingereza chenyewe tunachokitafuta. Hatutachukua Kiingereza chote. Tunachukua somo moja ambalo limeangusha wengi mwaka huu, lile la kulinganisha namna watu wawili wanavyofanya jambo kwa kiasi kimoja: “as fast as”, “as well as” na ndugu zake.

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano aliandikwa. Jirani yake wa benchi alikuwa ameandika “She sings as good as her sister”, mwalimu akapiga msitari mwekundu, na yule hakuelewa sababu. Huyu akamnong’oneza: “Acha ile ‘anaimba muzuri’ ya nyumbani. Kitabuni inasemwa mwimbaji mzuri, lakini anaimba vizuri. Mzuri ni ‘good’, vizuri ni ‘well’.” Jirani akaelewa pale pale, akafuta, akaandika “as well as”. Maneno yale hayakuchukua hata dakika moja. Kiisha aliyefundisha akaenda kuchukua ufagio.

Hapo ndipo tunapouliza: ameiba nini?

Tunajua jibu la walimu wetu. Wanasema Kiswahili kinaharibu Kiingereza. Kweli, kinaharibu mara nyingine, hatutaficha. Sisi tunasema “anakimbia mbio sawa na kaka yake”, na hiyo “sawa na” inakuja mara moja tu, kwa hiyo wengi wanaandika “He runs fast as his brother”, ile “as” ya kwanza imepotea njiani. Wengine wanatia “like” kwa sababu ya “kama” yetu. Makosa hayo ni ya Kiswahili, tunayakubali.

Lakini tazameni kaye zenu, mtaona makosa mengine. “He runs also fast that me.” Hii si Kiswahili hata kidogo! Ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiingereza: “aussi” imekuwa “also”, na “que” imekuwa “that”. Na ile “as fast than” inatoka pia karibu na hapo, maana “que” ya Kifaransa inafanya kazi ya “as” na kazi ya “than” bila kujali. Kila siku mwalimu anaeleza Kiingereza kwa Kifaransa, na hakuna aliyeandikwa hata mara moja kwa Kifaransa. (Tena cha ajabu ni kwamba zamani za kale “as” na “also” zilikuwa neno moja kabisa la Kiingereza, zikatengana. Kwa hiyo yule anayekosea hapo anakosea kwa neno lenye asili moja. Lakini pointi hapewi.)

Hatusemi Kifaransa kifukuzwe. Nacho kinasaidia: anayejua “bon” na “bien” anashika upesi “good” na “well”. Tunachosema ni kwamba kama lugha mbili zote zinaharibu kidogo na kusaidia kidogo, kwa nini moja ipewe kiti na nyingine ipewe ufagio?

Na Kiswahili kinasaidia kupita mnavyofikiri. Mwalimu anatuambia kwamba katika “as carefully as” tunalinganisha kitendo, siyo mtu. Wengi tunaitika “yes sir” bila kuona tofauti. Lakini Kiswahili kina kitu cha kuonyesha jambo hilo kwa jicho, ni ile “vi” na “vyo”. Tunasema vizuri, vibaya, vile. Tunasema “afanye awezavyo”, “aliandika kama alivyoambiwa”. Na hata kule nyumbani, ambapo “vyo” imetushinda, tunasema “analima sawa vile baba yake analimaka”. Sikilizeni hiyo “vile”: ni namna, siyo mtu. Mtoto wa bonde hili la Ruzizi anayesema “sawa vile” tayari anajua “as… as”, hajaambiwa tu kwamba anaijua.

Tuchukue sentensi hii iliyotoka katika interogasio ya mwezi uliopita: “She helps her sister as much as me.” Maana yake nini? Darasa likagawanyika. Wengine walisema: anamsaidia dada yake sawa vile ananisaidia mimi. Wengine: anamsaidia dada yake sawa vile mimi ninamsaidia. Walikuwa na haki wote, kwa kuwa Kiingereza hapo kimeacha mlango wazi. Lakini sisi tuliuona mlango huo kwa sababu Kiswahili kina njia ya kuufunga: ukisema “anavyonisaidia” au “ninavyomsaidia”, nani anafanya na nani anafanyiwa vimo ndani ya neno moja. Ukishaona hivyo unajua kwa nini Kiingereza kizuri kinaongeza “as much as I do”, ama “as much as she helps me”. Katika mzozo wote ule watu saba waliandikwa kwa kusema Kiswahili. Saba! Na lilikuwa somo ambalo darasa lilielewa vizuri kupita yote ya muhula.

Kuna mitego mingine ambayo tungependa wadogo zetu wa mwaka wa tatu na wa nne waisikie mapema, kwa lugha wanayoielewa. Neno linalokaa katikati ya “as” na “as” halibadiliki: hakuna “as faster as”, hakuna “as more quickly as”. Na “hard” ikiwa ni kwa nguvu inabaki “hard”: “He works as hard as his father.” Ukiongeza “ly” mwishoni umeharibu, maana “hardly” ni kufanya kwa shida sana, karibu kutofanya. Utakuwa umemtukana baba wa watu.

Tena si kila “as… as” inalinganisha. “We walked as far as Uvira” haina ulinganisho wowote, ni kusema tulitembea mpaka Uvira. “As soon as” ni mara tu. “As long as” pengine ni muda wote, pengine ni mradi. Na “as well as” ina sura mbili: “She sings as well as her mother” anaimba vizuri sawa na mama yake, lakini “She sings as well as dances” anaimba na kucheza pia, uzuri haumo. Kwa Kiswahili haya yanaelezwa kwa dakika tano. Kwa Kiingereza ambacho bado hatukijui, tumeona yanachukua majuma mawili na mwisho wengi wanakariri tu.

Sisi wa mwaka wa sita Exetat iko mbele yetu, na siku ya lugha Kiingereza kimo. Pale maswali ni ya kuchagua, na jibu la uongo linawekwa karibu sana na la kweli: “as good as” pembeni ya “as well as”, “as quick as” pembeni ya “as quickly as”. Aliyekariri atachagua kwa bahati. Na baada ya mtihani kuna maisha. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na huko Kiingereza na Kiswahili vinatembea pamoja. Katiba yetu ya 2006 imetaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Sasa tunajiuliza lugha ya taifa imefanya kosa gani mpaka ikaletwa uwanjani na kupewa adhabu.

Tunajua pia hofu ya kweli ya walimu: wakifungua mlango kidogo, saa nzima itakuwa ya masengenyo, na Kiingereza hakitasikika. Hofu hiyo tunaiheshimu, tunawajua wenzetu.

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe na walimu wa Kiingereza jambo dogo. Kanuni ikielezwa, mwanafunzi aruhusiwe kuuliza na kujibiwa kwa Kiswahili, na mwenzake aruhusiwe kumweleza. Mazoezi yakianza, Kiingereza peke yake, na hapo tutaandika majina bila huruma, hata ya marafiki zetu. Tujaribu kwa mwezi mmoja, kiisha tulinganishe pointi za interogasio na zile za mwezi uliopita. Mpaka jibu litakapokuja, daftari tunaendelea nalo kama tulivyoagizwa. Ila yule wa mwaka wa tano, tunaomba jina lake lifutwe.

Kapita wa shule, mwaka wa sita