Ahadi ni Deni, Hata Ng'ambo



Oktoba iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha sita, kijana hodari, aliniletea karatasi mbili nizitie sahihi. Kila moja ilikuwa ahadi kwa chuo cha Marekani kwamba, akikubaliwa, atakwenda huko na kuyafuta maombi yake mengine yote. Vyuo vilikuwa viwili. Nilipomwuliza, alijibu bila haya: "Mwalimu, mwenzangu alitiliwa zote mbili mwaka jana." Nilikataa. Tangu siku hiyo naitwa mzibaji wa riziki za watoto. Basi na nijitetee hadharani.

Kwanza tuzijue kanuni. Hapa Uganda mtihani wa kidato cha sita hufanywa Novemba, na katika pilikapilika hizo wengi wetu hutia sahihi karatasi tusizozisoma. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi ya mapema, mara nyingi hadi tarehe 1 Novemba, na kutoa majibu katikati ya Desemba. Njia ni tatu. Ya kwanza ni ya ahadi: mwombaji huchagua chuo kimoja tu, na mkataba hutiwa sahihi na watu watatu, yaani mwanafunzi, mzazi, na mshauri wa shule, ambaye kwetu mara nyingi ni mwalimu. Ya pili ni ya hiari: mwombaji yu huru kuomba vyuo kadhaa, akapima majibu na kuamua baadaye. Ya tatu, inayofuatwa na Harvard, Yale na vingine vichache, haimfungi mtu kwenda, ila humzuia kuomba mapema katika vyuo vingine vya watu binafsi.

Wako wasemao kwamba kanuni hizi zimetungwa kwa ajili ya matajiri. Sibishani nao. Aliyekwisha kuahidi hawezi kulinganisha misaada ya vyuo mbalimbali, na anayeumia ni yule asiye na ada. Vyuo vya Harvard na Princeton vyenyewe vilitangaza mwaka 2006 kwamba vitaacha maombi ya mapema kwa kuwa yaliwapendelea wenye nafasi. Mwaka 2011 vikayarudisha. Lakini ubovu wa kanuni hauhalalishi uongo wa mwalimu. Mlango wa halali upo: mtoto aombe vyuo vitatu au vinne kwa njia ya hiari. Hata aliyeahidi, iwapo msaada aliopewa hautoshi kumwezesha kusoma, huruhusiwa kujitoa. Maskini, basi, hana haja ya kudanganya.

Tena, ni nani anayedhulumiwa? Nafasi ashikayo mwenye ahadi mbili ni ya mtoto mwingine. Vyuo vikigundua, yeye mwenyewe aweza kuzikosa zote mbili. Mshika mawili moja humponyoka. Na sahihi iliyodanganya ni ya shule. Barua tutakayomwandikia mtoto wa mwakani, ambaye hakukosa lolote, itasomwa kwa shaka.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna lawama zaidi. Kidato cha kwanza tunawafundisha watoto kwamba ahadi ni deni, na anayekosea kuieleza methali hiyo katika insha twamkata alama. Kidato cha sita twaipigia mhuri kinyume chake. Lugha bila adabu yake ni maneno matupu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Mwalimu asitie sahihi mkataba asiousoma. Mwanafunzi mmoja apewe sahihi ya ahadi moja, na nakala ibaki shuleni. Na kabla ya sahihi hiyo, mzazi aitwe aelezwe, kwa lugha aijuayo, anachoahidi.

Kijana wangu alinuna siku tatu. Siku ya nne alirudi na karatasi moja, pamoja na mama yake. Niliisoma yote mbele yao, nikaitia sahihi.