Televizyo haikufa peke yake

Ndugu vijana wa Likasi, wa Kikula, wa Panda na wa Shituru, na ninyi wote wenye kutufuata hapa,

Leo hatuko na tangazo la maandamano. Leo tunasema juu ya televizyo yenye kuzima ghafula na kukataa kuwaka. Msicheke. Someni mpaka mwisho, mtaona kama ni habari yetu sisi wote.

Kwetu ilitokea siku ya Jumapili. Umeme ulikuwa umeenda tangu asubuhi. Saa moja ya mangaribi ukarudi, watoto wakapiga kelele ya furaha kwenye avenyu nzima, kama kawaida. Balbu ya salo ikawaka nyeupe sana, nyeupe ya kuumiza macho, ikafanya "pa!" na ikapasuka. Tele ikazima. Mama akaniita: "Mutoto, kuya uone, tele haiwake!"

Kwa wengine tele ni ya kujifurahisha. Kwa mama ni kazi. Siku ya mechi anapanga viti kwenye parsele, kila mtu analipa falanga mia tano, na anauza karanga na maji ya baridi pembeni. Falanga hizo njo zinalipa masomo ya mdogo wangu. Mimi mwenyewe niko na lisanse ya ekonomi, kazi sina. Tangu mwaka jana nashinda kwa fundi mmoja wa Kikula, yaya mwenye kutengeneza maredio na matelevizyo. Hanilipi mshahara, lakini amenifundisha kuona. Kwa hiyo nawapa kwanza yale niliyofundishwa, kiisha nitasema yenye kutuuma.

Tele ikikataa kuwaka, usikimbilie kuifungua. Anza na vitu vya bure.

Kwanza, prizi. Toa tele, weka chaja ya simu au taa pale pale. Chaja haiingize? Basi tele haina kosa. Ukitumia multiprizi, iache, chomeka tele moja kwa moja kwenye prizi ya ukuta. Multiprizi za soko zinaungua ndani bila kuonyesha kitu inje.

Pili, angalia kale kataa kadogo kekundu chini ya tele. Kama kanawaka lakini tele haifunguke, shaka ya kwanza ni telekomande. Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako na ubonyeze: kama iko nzima, kwenye simu utaona kamwanga kanamulika, hata kama jicho lako halikaone. Haimuliki? Badilisha mabatri. Kiisha tafuta kifungo cha tele yenyewe, kiko chini au nyuma, ubonyeze kile.

Tatu, toa waya kwenye prizi, bonyeza kifungo cha tele na ukishike nusu dakika, iache ipumzike dakika kumi, rudisha. Mara ingine ni mashini ya ndani imechanganyikiwa tu juu ya umeme kukatika na kurudi. Hapo inaamka.

Ine, kama unasikia sauti lakini kioo ni cheusi, zima taa ya nyumba na umulike kioo na torshi ya simu kwa karibu. Ukiona kivuli cha picha, basi picha iko, ni mataa ya nyuma ya kioo njo yamekufa. Mwambie fundi vile. Na kama kataa kekundu kanapepesa, hesabu: mara ngapi, kiisha kanapumzika. Hesabu hiyo mara nyingi inamuonyesha fundi mahali pa kuanzia.

Tano, kama kataa hakawake kabisa na prizi iko nzima, ugonjwa uko kwenye sehemu ya ndani yenye kupokea umeme. Hapo simama. Ndani kuko kondansateri kubwa yenye kuandikwa karibu volti 400, na inaweza kubaki na umeme hata kisha kutoa waya kwenye prizi. Inaweza kukuua. Ukisikia harufu ya kuungua, usijaribu tena hata mara moja. Na mtu asikudanganye "tufunge waya pa nafasi ya fizibli". Fizibli inakufa ili nyumba isiungue. Ukiweka waya, nyumba njo itakufa.

Ukifika kwa fundi, mwombe akuonyeshe kifaa alichotoa. Fundi wa kweli hakatai. Siku ile ya tele ya mama, yaya alinionyesha: fizibli nyeusi kama makaa, na pembeni yake kale kadude ka duara ka rangi ya buluu, kamepasuka mara mbili. Akaniambia: "Angaria. Haka kanapasukaka paka wakati volti zimepanda sana. Tele yenu haikugonjwa. Tele yenu balipiga."

Asubuhi yake nikapita nyumba kwa nyumba kwenye avenyu yetu. Tele saba zilikufa jioni ile ile. Friji mbili. Chaja za simu sikuhesabu. Na kila mtu alikuwa anawaza ni yeye peke yake, kwamba mtoto alichezea telekomande, kwamba jirani alimroga. Mama mmoja alikuwa amempiga mtoto wake juu ya tele. Mtoto hakuigusa hata.

Sasa muelewe kitu kilichotokea, juu hakuna uchawi.

Kwenye nguzo ya kartie kunapita waya ine. Tatu zinaleta umeme, ile ya ine inaitwa nyutro. Kati ya waya moja ya umeme na nyutro kuko volti 220, na nyumba zetu nyingi zinapokea hivyo. Kati ya waya mbili za umeme kuko volti 380. Nyutro ikikatika, au ikilegea kule kwenye kabini, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia nyumba za majirani wenye kufungwa kwa waya ingine. Hapo nyumba zinajikuta zinagawana zile volti 380, na hazigawane sawa. Upande wenye resho, pasi na vyombo vikubwa, volti zinashuka. Upande wenye balbu mbili na tele, volti zinapanda, zinaweza kupita 300. Nyuma ya tele nyingi imeandikwa 100-240. Fanyeni hesabu.

Muliona? Mwenye kutumia kidogo njo anapigwa zaidi. Mwenye balbu mbili njo anapoteza tele.

Alama yake ni hii: kwako taa zinawaka kupita kiasi, kwa jirani zimefifia kama mshumaa. Ukiona hivyo, usingoje. Shusha disjonkteri ya nyumba, kiisha piga kelele majirani washushe zao. Usipande nguzo. Usimtume kijana wa kartie apande kwa falanga elfu tano. Tumezika wenzetu kwa njia hiyo.

Na kila siku: umeme ukienda, toa tele na friji kwenye prizi. Ukirudi, ngojea dakika tano, angalia balbu kwanza. Mwenye uwezo anunue kale kaprizi ka kukinga, kenye kukata umeme wenyewe volti zikipanda. Regilateri ya bei ndogo inasaidia kwa volti zenye kupanda na kushuka kidogo, lakini mbele ya nyutro iliyokatika haitoshi. Na kama kuna radi, prizi zote inje. Mvua zetu munazijua.

Haya yote ni mazuri. Lakini tukiishia hapa, tutakuwa tumefanya kama watu wengi wanavyofanya katika nchi hii: kila mmoja anajikinga kwake, ananunua kaprizi kake, ananunua tele ingine, anachanga kwa kabini ikiungua, na waya ya nje inabaki vile ilivyo. Tunalipa umeme, tunalipa fundi, tunalipa tele ingine. Mara tatu kwa kitu kimoja.

Na hapa si mahali pa kuambiwa kwamba umeme ni kitu kigeni. Bwawa la Mwadingusha, pale mto Lufira, si mbali na sisi, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Koni ikafuata chini yake. Laini kubwa kutoka Inga, yenye kupita kilometa 1.700, ilifika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilijengwa juu ya migodi ya Katanga. Mji huu umezaliwa na shaba, shaba ile ile yenye kutengenezwa waya dunia nzima. Babu zetu waliyeyusha shaba pale Shituru. Sisi wajukuu tunapoteza tele juu ya waya moja iliyolegea.

Tuseme pia kosa letu, juu ukweli hauchagui upande. Waya zingine zinakatika juu kuna mwenzetu alizikata usiku akauze shaba kwa kilo. Kabini zingine zinaungua juu tumefunga nyumba mingi kwa siri, bila hesabu. Mwenye kuiba waya ya nyutro usiku, asubuhi ameua friji ya mama mwenye kuuza samaki. Kijana mwenye kufanya vile asijiite mwana wa movema yetu.

Lakini kosa la mwizi haliondoe deni la mwenye mamlaka. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa na umeme imehakikishwa. Tukisoma kwa akili, umeme wenye kuunguza nyumba si umeme ule Katiba inasema. Na kifungu cha 27 kinatupa chombo ambacho hatukitumie: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka ya serikali, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa juu ya kuandika petisyo. Hii si fadhili ya mukubwa yeyote. Imeandikwa.

Kwa hiyo, hii njo kazi tunaomba kwa kila avenyu, kuanzia Jumamosi hii.

Kijana mmoja ashike kaye. Kila umeme ukileta hasara, aandike: tarehe, saa, nyumba gani, chombo gani, taa zilikuwa namna gani. Mwenye multimetri apime volti kwenye prizi na aandike. Hakuna kuongeza. Tele saba ni saba, si ishirini. Siku watatuuliza, kaye yenye uongo mmoja itaua kaye yote.

Mafundi wa kartie, tunawaomba ninyi pia: mkikuta fizibli imeungua na kale kadude ka buluu kamepasuka, mumuandikie mwenye tele karatasi kadogo na tarehe. Ni ushahidi.

Kiisha tutaandika barua moja kwa Bwana Meya, na kopi kwa shirika la umeme, na kopi ingine kwa ARE, mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme yenye kuwekwa kwa sheria ya tarehe 17 Juni 2014. Tutaomba vitu vitatu tu. Kimoja: nyutro za kabini zetu zipimwe na zikazwe, na wakaaji waone. Cha pili: ratiba ya delestaji ijulikane na ibandikwe, tujue saa ya kutoa vyombo kwenye prizi. Cha tatu: kuwe na mahali pa kuandikisha chombo kilichoungua, na jibu lirudi kwa maandishi.

Barua tutaipeleka kwa mikono, na tutadai muhuri wa kupokea kwenye kopi yetu. Bila muhuri, barua haikufika. Na muhuri ukiisha kupigwa, tunahesabu miezi mitatu, siku kwa siku, hapa hapa kwenye ukurasa huu. Wakijibu, tutachapisha jibu. Wakinyamaza, tutachapisha kimya chao na tarehe yake, na hapo tutakutana kwa hatua ya kufuata, kwa amani kama siku zote.

Tele ya mama imepona. Yaya alibadilisha vifaa viwili, alinipunguzia bei juu namsaidia kazi. Jioni ya kwanza mama alisimama mbele yake na waya mkononi, akaogopa kuichomeka. Akaniuliza: "Na kama balipiga tena?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Siku ile nilinunua kaye.

Vijana, nunueni zenu.