Harambe si Harambee

Walimu wenzangu,

Katika kikao chetu cha kuandaa Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 7 Julai, mwenzetu mmoja alisimama akatoa pendekezo lililopigiwa makofi na wengi. Alitaka ukuta mzima wa maonyesho yetu upambwe kwa picha za kijiji kiitwacho Harambe, kilichomo ndani ya bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom, karibu na mji wa Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba wanafunzi wetu hapa Uganda wamelelewa wakiambiwa Kiswahili ni lugha ya askari na ya wezi. Basi wakiona Wamarekani wanatoa fedha zao kwenda kusikia "jambo" na "safari", wataacha kukidharau. Mimi sikupiga makofi. Siku ile muda wa kusema haukutosha; naomba nafasi hiyo katika kurasa hizi.

Kwanza tupaeleze mahali penyewe, maana si haki kuhukumu tusichokijua. Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, nayo ni pana, eka zipatazo 580. Katikati yake umesimama mti wenye kimo cha mita 44 hivi uitwao Mti wa Uhai, ambao shina lake limechongwa sura za wanyama zaidi ya 300. Hata hivyo, mti huo haukuota. Mifupa yake ni chuma cha aina ile inayojengewa mitambo ya kuchimba mafuta baharini, na majani yake, yanayozidi 100,000, yalitengenezwa kiwandani. Mgeni hupanda gari lililo wazi katika safari iitwayo Kilimanjaro Safaris, akazungushwa kwa muda wa dakika 20 hivi katika uwanda wenye twiga, simba, tembo na faru. Wanyama hao ni wazima, wanapumua na kula majani. Lakini mbuyu anaopita kando yake ni wa saruji. Akishuka huweza kutazama mchezo wa nyimbo na sarakasi uliotokana na filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Akitaka kutetemeshwa moyo, huvuka upande wa Asia akapanda gari la reli liitwalo Expedition Everest, lililofunguliwa mwaka 2006, likamporomosha kutoka katika mlima uliojengwa kwa mikono ya watu.

Kijiji cha Harambe ndicho mlango wa safari hiyo. Waliokibuni walitazama miji ya pwani yetu, hasa Lamu, wakaiga kuta zake, milango yake na madirisha yake. Hawakuishia hapo. Waliajiri mafundi wachore nyufa ukutani, wabambue rangi na kuchakaza matangazo, ili kijiji kionekane kikongwe na masikini wa kupendeza. Wahenga walituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule wamejenga ukuta kwa ajili ya ufa. Humo humo zimeandikwa alama za "Uhuru 1961", kana kwamba kijiji kiliwahi kutawaliwa, kikapigania haki yake, kikashusha bendera ya mgeni. Mwaka 1961 ni mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Huko Florida umekuwa rangi juu ya jiwe.

Sasa nije kwenye jina lenyewe, nami naomba mniwie radhi nikishika kalamu ya mwalimu. Harambee ni mwito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, mmoja akiita na wengine wakiitikia. Jomo Kenyatta aliufanya mwito wa taifa la Kenya, nao umeandikwa katika ngao ya nchi hiyo. Huandikwa kwa e mbili. Bustani inaliandika kwa e moja. Mwanafunzi wangu akiliandika hivyo nalizungushia wino mwekundu. Je, nimfundishe mwaka mzima kuandika e mbili, kisha tarehe 7 Julai nimtundikie ukutani kosa lililopigwa picha nzuri? Tena kosa hilo limekwisha kuzaa. Mwaka 2016 gorila mmoja aliyepewa jina lililoandikwa vivyo hivyo alipigwa risasi katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, baada ya mtoto mdogo kuangukia ndani ya boma lake. Tangu siku hiyo, kwa vijana wengi wa ng'ambo, mwito wa kuvuta pamoja umekuwa jina la mnyama wa kufanyiwa mzaha.

Na tukitaja magorila, sisi wa nchi jirani tunalo la kusema. Njia ya bustani hiyo inayopita penye magorila iliitwa kwa miaka mingi Msitu wa Pangani. Pangani ni mji wa mwambao wa Tanzania, kwenye mdomo wa mto, penye minazi na maji ya chumvi. Hakuna gorila aliyewahi kulala Pangani. Magorila wa milimani wako kwetu Bwindi na Mgahinga, na kwa ndugu zetu wa Rwanda na Kongo. Jina hilo liliondolewa baadaye. Lakini liliwekwa kwa nini? Kwa sababu lilisikika vizuri. Neno likichaguliwa kwa mlio wake tu, maana yake imekwisha kufukuzwa nyumbani.

Mwenzetu alisema Kiswahili "kimefika" Florida. Nakubali kimefika; nakataa kwamba kimeenea. Mzigo nao hufika. Lugha huenea pale mtu anapolazimika kuitumia ili aishi: aombe maji, abishane bei, atoe amri, ampe pole mfiwa, amkanye mtoto. Katika kijiji kile kuna duka la kahawa liitwalo Kusafiri, kibanda cha vitu vitamu kiitwacho Tamu Tamu, na baa iitwayo Dawa. Mgeni anaweza kushinda humo kutwa nzima, akala, akanywa, akapanda kila gari, na asihitaji kuelewa hata neno moja kati ya hayo. Wamo vijana wa Kiafrika wanaofanya kazi huko, nami siwalaumu hata kidogo, kwani mtu huenda palipo na riziki. Nasema tu kwamba maneno yale yamewekwa pale kama ushanga shingoni, na ushanga hausemi.

Kuna na jambo zito zaidi. Mwaka 1994, mwaka wa filamu ile, kampuni iliyo na bustani hii iliomba nchini Marekani haki ya kuyamiliki maneno "Hakuna matata" kuwa alama ya biashara, na mwaka 2003 maneno hayo yakaandikishwa kwa jina lake kwa upande wa mavazi. Wanasheria husema, nao husema kweli, kwamba haki hiyo haimzuii mtu kuyatamka. Basi na tuseme kweli nyingine: maneno hayo yalikuwa vinywani mwa watu wa Afrika Mashariki kabla filamu haijawazwa, na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikuwa imekwisha kuyaimba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini malalamiko ya kupinga umiliki huo, malalamiko yaliyoanzishwa na mtu wa Zimbabwe. Nanyi mwataka watoto wetu wayacheze ngoma maneno hayo, wavae fulana zake, kisha tuite hiyo ni sherehe ya lugha yao?

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna hoja moja ambayo mwenzetu hakuitumia, nami nitaitumia kwa niaba yake, kwa kuwa ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Faru wa Uganda walimalizwa na majangili mwanzoni mwa miaka ya 1980, asibaki hata mmoja porini. Mwaka 2005 waliletwa faru weupe wanne kutoka Solio, Kenya, wakawekwa katika hifadhi ya Ziwa, wilaya ya Nakasongola. Mwaka 2006 wakaongezwa wawili, na hao wawili walitoka wapi? Walitoka bustani ile ile ya Florida. Mmoja wao, jike aitwaye Nande, alizaa mwezi wa Juni 2009, naye akawa faru wa kwanza kuzaliwa katika ardhi ya Uganda baada ya zaidi ya robo karne. Ndama aliitwa Obama, kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani. Leo kundi lile la sita limezaana hata kuwa makumi. Kwa hili bustani ile inastahili shukrani, nami naitoa bila ya kinyongo.

Tuulizane, basi: kwa nini Nande alizaa? Picha yake haikumzalisha. Alizaa kwa sababu alipewa ardhi, maji, dume, na askari wa kumlinda usiku na mchana. Huko Florida alikuwa kitu cha kutazamwa kwa dakika chache kutoka juu ya gari. Nakasongola alikuwa mama. Na neno nalo ni vivyo hivyo. Ukitaka lizae, lipe ardhi: lipe darasa, gazeti, baraza, soko, hospitali, na watu wa kulilinda lisiuawe. Wale waliomrudisha faru walielewa kwamba kumpenda mnyama ni kumtafutia pa kuishi. Sisi tunaokisomesha Kiswahili twaona kukipenda ni kukitundikia picha.

Hapa ndipo aibu inapotugeukia, maana nyani haoni kundule. Tunacheka Wamarekani kwa kuipa Afrika ya saruji majina ya Kiswahili. Je, Afrika ya kweli tumeipa majina gani? Maporomoko makubwa ya Nile yaliyo hapa kwetu yanaitwa Murchison, jina alilolitoa Samuel Baker mwaka 1864 kumtukuza mtaalamu wa miamba wa London ambaye hakuwahi kuyaona. Katika miaka ya 1970 yaliitwa Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza hata wakampeleka uhamishoni Shelisheli; kisha jina la zamani likarudishwa. Mbuga yetu iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga ilibatizwa jina la Malkia wa Uingereza miaka miwili baadaye, na mpaka leo analo. Mtoto wa Kampala akienda huko na shule yake, maelezo anayosomewa kuhusu wanyama wake mwenyewe ni ya Kiingereza. Anamjua "simba" kwa sababu ya filamu. Mwulize pofu, kongoni, nungunungu au kakakuona, atakukodolea macho. Lugha ilitangazwa rasmi ya pili katika Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza ifundishwe shuleni; lakini haijapata hata kibao cha mti mbele ya boma la faru.

Kuhusu dharau anayoihofia mwenzetu, namjibu hivi. Mtoto anayekipenda Kiswahili kwa sababu mgeni amekisifu atakiacha siku mgeni atakapochoka nacho, na wageni huchoka upesi. Mtoto aliyekitumia kumweleza mama yake namna faru anavyomlinda ndama hawezi kuambiwa tena kwamba hiyo ni lugha ya wezi. Atakuwa amekwisha kuona kazi yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Picha za Harambe zisitundikwe. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya ukuta huo zikodi basi la kuwapeleka wanafunzi Nakasongola, wawaone wazao wa Nande kwa macho yao, kwa miguu, bila ya muziki. Na kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili safi kadi moja ya mnyama mmoja: jina lake, chakula chake, adui yake, na sababu iliyomponza nchini mwetu. Kadi hizo ndizo zijaze ukuta tarehe 7 Julai, na nakala zake tuzipeleke kwa wenye hifadhi, tukiwaomba wazisimamishe mbele ya wanyama.

Mzigo huu ni mzito, walimu wenzangu. Hautavutwa na mtu mmoja, wala hautavutwa kwa e moja.